Magurudumu mawili au matatu? Usalama wa wazee haupimwi kwa hesabu ya magurudumu pekee

SWALI la iwapo mtu wa umri mkubwa yuko salama zaidi juu ya pikipiki ya magurudumu mawili au ndani ya tuktuk limekuwa likijibiwa kwa wepesi mno nchini. Wengi husema tu kwamba kilicho na magurudumu matatu hakianguki.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Nusu iliyosalia ndiyo inayoweza kumgharimu mzee maisha yake, awe ndiye dereva au ndiye abiria.

Gurudumu la tatu humwondolea mtu mzima taabu moja kubwa, nayo ni kutafuta usawa wa mwili chombo kinapokwenda polepole au kinaposimama. Hata hivyo, gurudumu hilo hilo huleta hatari nyingine ambayo mwendeshaji wa pikipiki hajaizoea, yaani kupinduka kwenye kona.

Hatari hizo mbili hazifanani wala haziepukwi kwa ujuzi mmoja. Licha ya hayo, mfumo wa leseni nchini umeziweka bodaboda na tuktuk katika daraja moja, kana kwamba anayeweza kuendesha ya kwanza tayari ameshajua kuendesha ya pili.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Katiba ya mwaka wa 2010 inamtambua mtu aliyetimiza umri wa miaka 60 kuwa mzee katika jamii, na Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wa umri huo walikuwa takriban milioni 2.7.

Ni vigumu kushiriki katika jambo lolote ikiwa mtu hawezi kufika linakofanyika. Mzee anayekwenda kliniki kuchukua dawa za shinikizo la damu, au anayefuata fedha za mpango wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 umekuwa ukiwalenga wote waliotimiza umri wa miaka 70, mara nyingi hutegemea chombo cha kwanza kinachopita mbele ya boma lake. Katika sehemu kubwa ya nchi, chombo hicho ni bodaboda.

Usafiri huo ulianza kwa baiskeli miaka ya 1960 katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, ambako wasafiri na bidhaa zao walivushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pikipiki zilienea mno kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya serikali kuondoa ushuru kwa zile ndogo zenye injini isiyozidi cc 250 ili kuwapa vijana ajira.

Tuktuk nayo ina nasaba yake. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kutengeneza kigari cha magurudumu matatu mnamo 1948, Ulaya ilipokuwa ikijikokota kutoka kwenye magofu ya Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye India ilikipokea chombo hicho na kukifanya cha kwake, na nyingi ya tuktuk zinazoonekana leo Mombasa, Malindi na Kisumu zimetoka katika viwanda vya nchi hiyo.

Katika miji hiyo si ajabu kumwona mwanamume wa miaka 55 au 60 akiendesha tuktuk. Ni nadra kumwona wa umri huo akishinda juu ya bodaboda kutwa nzima, na sababu zake zimo mwilini.

Mwili unavyobadilika

Kuendesha pikipiki ni kazi ya mikono yote miwili na miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Mkono wa kushoto hushika klachi, mguu wa kushoto hubadilisha gia, mkono wa kulia hushika moto na breki ya mbele, na mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma.

Chombo kinaposimama, ni lazima mguu mmoja au yote miwili ishuke kukitegemeza. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina uzito wa karibu kilo 120 kabla ya kupakiwa abiria na mizigo. Ikianza kulala upande mmoja ilhali imesimama, goti lenye baridi yabisi haliwezi kuizuia.

Kadiri umri unavyosonga, viungo vya ndani ya sikio vinavyousaidia mwili kudumisha usawa hulegea. Macho huchukua muda mrefu zaidi kurudia hali yake baada ya kumulikwa na taa za gari usiku, na muda kati ya kuona hatari na kushika breki huongezeka.

Kubwa zaidi ni kwamba mifupa hupoteza uimara. Mtu wa miaka 25 akianguka kutoka kwenye pikipiki inayokwenda polepole, huenda akainuka na mikwaruzo. Mtu wa miaka 68 akianguka hivyo hivyo, anaweza kuvunjika nyonga, akalazwa kwa wiki nyingi na asirudie tena kutembea kama zamani.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mnamo 2013 ulithibitisha tofauti hiyo. Waendeshaji pikipiki wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliohusika katika ajali walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kulazwa hospitalini wakilinganishwa na wenye umri wa kati ya miaka 20 na 39.

Ndipo mtu mzima hupata nafuu kwenye tuktuk. Ana kiti chenye egemeo, ana paa la kumkinga na jua na mvua, na miguu yake haihitajiki kukisimamisha chombo. Gia hubadilishwa kwa mkono, na tuktuk za sasa huwashwa kwa ufunguo badala ya kuvutwa kwa wenzo kama zile za zamani.

Kwa hiyo, kwa kazi ya mjini yenye kusimama na kuondoka kila baada ya mita chache, hakuna ubishi kwamba magurudumu matatu yanamfaa zaidi mwenye umri mkubwa. Tatizo huanza pale mwendo unapoongezeka na barabara inapopinda.

Kona ndiyo mtihani

Pikipiki ya magurudumu mawili hulala inapopinda kona. Kulala huko ndiko kunakopambana na nguvu inayoisukuma nje ya kona, na ndiyo maana mwendeshaji stadi huweza kupita mahali ambapo macho ya mtazamaji humwona kama anayeanguka.

Tuktuk hailali. Hubaki wima, na nguvu hiyo ya kusukuma nje ikizidi kiasi, gurudumu moja la nyuma huinuka, kisha chombo kizima hupinduka. Umbo lake pia huchangia: gurudumu moja liko mbele na mawili nyuma, kwa hiyo pembe za mbele hazina kitu cha kuzitegemeza.

Dereva akishika breki kwa nguvu akiwa tayari ameingia konani, uzito huhamia mbele na upande wa nje, mahali hasa pasipo na gurudumu. Hali huwa mbaya zaidi iwapo amembana abiria wa ziada kando yake kwenye kiti cha mbele, desturi inayoonekana sana saa za jioni watu wanaporejea makwao.

Kuna jambo la pili ambalo huwanasa hasa waliozoea pikipiki kwa miaka mingi. Pikipiki inapokuwa kwenye kasi, mwendeshaji anayetaka kwenda kulia husukuma mbele kidogo mkono wa kulia wa usukani. Gurudumu la mbele huelekea kushoto kwa nukta moja tu, pikipiki ikalala kulia na kuifuata kona.

Wengi hufanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya, kwani mwili umejifunza wenyewe. Mtu huyo akiingia kwenye tuktuk na kufanya vivyo hivyo kwa ghafla, kwa mfano anapomkwepa mtoto aliyekatiza barabara, chombo kitaelekea kushoto, upande asioutaka.

Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu. Kwa kijana, mazoea ya mwaka mmoja yanaweza kufutwa kwa siku chache za mafunzo. Kwa mzee aliyeendesha pikipiki kwa miaka 30, yamekita mizizi, na hurejea wakati wa hofu hata baada ya miezi mingi ya kuendesha tuktuk.

Fundisho la ughaibuni

Nchi zilizotangulia katika jambo hili zimekwisha kupata somo. Nchini Marekani, mnamo 1988, watengenezaji wakuu walikubaliana na serikali kuacha kuuza pikipiki za magurudumu matatu zilizotumiwa nje ya barabara, baada ya vifo na majeruhi wengi. Wateja walikuwa wameamini kwamba magurudumu matatu hayawezi kuanguka.

Watengenezaji hawakuliacha wazo lenyewe, bali walibadilisha umbo. Piaggio ilizindua MP3 mnamo 2006, pikipiki yenye magurudumu mawili mbele ambayo huweza kulala konani. Mwaka uliofuata kampuni ya BRP ya Canada ikaleta Can-Am Spyder, nayo ikiwa na magurudumu mawili mbele, ingawa hailali.

Harley-Davidson nayo iliingia sokoni na Tri Glide kwa mwaka wa 2009, ikiwa na magurudumu mawili nyuma. Wanunuzi wengi wa vyombo vya aina hiyo ni watu wazima ambao magoti na viuno vyao haviwezi tena kuhimili pikipiki nzito, lakini hawako tayari kuuaga upepo wa barabarani.

Tofauti na Kenya ni kubwa. Mstaafu wa Marekani hununua chombo cha burudani, akaacha kukitumia siku anayojisikia vibaya. Mkenya wa miaka 58 anayeendesha tuktuk Likoni ana karo ya kulipa na mkopo wa kurejesha, na hawezi kusema leo macho yangu hayaoni vyema, nitapumzika.

Hata hivyo, fundisho moja linavuka bahari bila kubadilika: anayehama kutoka magurudumu mawili kwenda matatu anahitaji kufundishwa upya. Ni hapo Kenya ilipoacha pengo.

Chini ya mpangilio wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya 2012, daraja la leseni la A3 linajumuisha pikipiki za kubeba abiria, za kupeleka vifurushi na pia vyombo vya magurudumu matatu. Kwa karatasi, mwenye bodaboda anaweza kuiuza leo na kesho akapakia abiria watatu kwenye tuktuk.

Hakosei sheria. Lakini hajafundishwa kwamba breki hushikwa kabla ya kona, kwamba uzito wa mbele ni adui, wala kwamba mikono yake itamsaliti siku atakayoshtuka.

Abiria mzee

Kwa abiria, mizani huelemea upande wa tuktuk kwa uwazi zaidi. Ili kuipanda bodaboda, mtu hulazimika kuinua mguu mmoja juu ya kiti, jambo lisilowezekana kwa wengi wenye maumivu ya nyonga au kiuno.

Akina mama wazee, hasa wanaovaa leso, buibui au marinda marefu, hukaa upande. Mtu akikaa hivyo hana mahali pa kushika barabara, na tuta moja lisiloonekana hutosha kumtupa. Pia vazi linaweza kunaswa na mnyororo au spoku za gurudumu.

Isitoshe, bomba la moshi huwa karibu na ndama ya mguu wa abiria. Kuungua hapo ni jambo la kawaida, na vijana hulichekea. Kwa mzee mwenye kisukari, kidonda hicho kinaweza kukataa kupona na kuwa chanzo cha kukatwa mguu.

Sheria ya Trafiki inamruhusu mwendeshaji wa pikipiki abebe abiria mmoja tu, na inataka helmeti na koti linalomeremeta vivaliwe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mnamo 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini helmeti ya abiria, ikiwa ipo, aghalabu huning'inizwa kwenye usukani, na wengi hukataa kuivaa kwa sababu imevaliwa na watu wengi kabla yao.

Ndani ya tuktuk, mzee huingia kwa hatua moja fupi, akaketi na mjukuu wake pembeni na mfuko wa dawa mapajani. Hata hivyo asidhani yumo kwenye gari. Ubavu wa chombo uko wazi, mara nyingi hakuna mkanda, na kikipinduka abiria anaweza kurushwa nje na kulaliwa na zaidi ya kilo 300 za bati na chuma.

Barabara na mfuko

Yote hayo yangetosha kumshauri kila mzee aache bodaboda na apande tuktuk, lau kama tuktuk ingefika kila mahali. Haifiki.

Barabara ya udongo iliyopitiwa na malori huwa na mifereji miwili ya matairi na tuta katikati. Pikipiki huchagua mfereji mmoja na kwenda zake. Tuktuk huweka magurudumu ya nyuma kwenye mifereji, lakini gurudumu la mbele hulazimika kupanda tuta la katikati pamoja na mawe na mashimo yake yote. Haiwezi kukwepa shimo kwa gurudumu moja bila kuliingia kwa jingine.

Katika miinuko ya Murang'a, Kisii au Elgeyo Marakwet, injini ya karibu cc 200 inayovuta watu wanne hupumua kwa shida, na mvua ikinyesha gurudumu la mbele huteleza. Ndiyo sababu tuktuk zimeshamiri Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kwenye ardhi tambarare, ilhali vijiji vya milimani vimeachiwa bodaboda.

Kwa maneno mengine, pale wazee wengi wanapoishi ndipo chombo kinachowafaa hakifiki. Mjadala wa magurudumu kwa hivyo hugeuka kuwa mjadala wa barabara za mashambani, ambazo nyingi ziko chini ya serikali za kaunti.

Gharama nayo ina kauli yake. Tuktuk mpya hugharimu takriban mara tatu ya bei ya pikipiki, hunywa mafuta zaidi kwa kila kilomita na haiwezi kupenya msongamano. Anayekopa fedha za kununua chombo akiwa na miaka 55 hutazamwa na wakopeshaji kama mtu aliyebakisha miaka michache ya kazi, kwa hiyo huishia kununua kile cha bei nafuu ambacho mwili wake hauwezi tena.

Sera nazo zimeendelea kuitazama sekta hii kama ya vijana pekee. Lakini wale walioingia kwenye bodaboda mwaka wa 2008 wakiwa na umri wa miaka 35 sasa wamepita 50. Hawajapata kazi nyingine, na kila mwaka unaopita wanakuwa wazee juu ya chombo kisichosamehe uzee.

Takwimu za usalama barabarani zinaonyesha uzito wa jambo hilo. Mwaka wa 2023, zaidi ya watu 4,300 walifariki katika barabara za Kenya, na waendeshaji pikipiki walikuwa miongoni mwa makundi yaliyopoteza watu wengi zaidi, pamoja na wanaotembea kwa miguu.

Yanayowezekana

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. NTSA inaweza kutenganisha mtihani wa magurudumu mawili na wa magurudumu matatu ndani ya daraja la A3, ili anayehama afundishwe kona, breki na upakiaji kwa siku chache kabla ya kubeba abiria. Wanaovuka miaka 50 wapimwe macho na wapewe muda wa kutosha wa kuzoea.

Pili, vyama vya akiba na mikopo vya wahudumu wa bodaboda vinaweza kumruhusu mwanachama mkongwe abadilishe pikipiki yake kwa tuktuk kwa mkopo wa muda mrefu zaidi. Mwanachama anayeanguka na kuvunjika hurejesha mkopo wa nani?

Tatu, kaunti zinazotafuta mahali pa kuanzia ukarabati wa barabara zianze na zile fupi zinazounganisha vijiji na zahanati. Kilomita mbili zilizosawazishwa na kuwekwa changarawe zinaweza kufungulia tuktuk mlango wa kijiji kizima.

Hadi hayo yatakapofanyika, mzee anayelazimika kupanda bodaboda ana haki ya kudai mambo machache: aende peke yake bila kubanwa na abiria wa pili, apewe helmeti, apande kutoka mahali palipoinuka kama jiwe au ngazi ya nyumba, na aambie mwendeshaji mapema kwamba hataki kasi. Familia nazo zimchague mhudumu mmoja anayejulikana kwa utulivu na kumtumia huyo kila mara, hata kama nauli yake imezidi kwa shilingi 20.

Naye anayepanda tuktuk ahakikishe kwamba hakuna abiria aliyeketi mbele na dereva, akae katikati ya kiti inapowezekana, na asione haya kumtaka dereva apunguze mwendo kabla ya kona badala ya ndani yake.

Gurudumu la tatu ni msaada wa kweli kwa mwili unaozeeka, na mwenye uwezo wa kulichagua kwenye barabara tambarare hana sababu ya kusita. Ila lisiwe kisingizio cha kuwaacha madereva bila mafunzo na vijiji bila barabara, kwani mzee aliyepinduka na tuktuk na mzee aliyeanguka na bodaboda hufikishwa katika wadi moja.